Kuhuisha safari ya Rosetta kwenye kometi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila animesheni ya Rosetta inapoonyeshwa mbele ya watu, iwe darasani au sebuleni, maswali huwa yaleyale. Mengine ni ya watazamaji, mengine ni ya vijana wanaotaka kutengeneza video zao wenyewe. Nimeyakusanya hapa kuanzia yale ya mwanzo kabisa. Jibu likihusiana na lingine, nimetaja namba yake badala ya kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Rosetta ilikuwa safari gani?

Rosetta ni chombo cha Shirika la Anga la Ulaya, ESA. Kilirushwa tarehe 2 Machi 2004 kwa roketi ya Ariane 5 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Kilisafiri zaidi ya miaka 10 kabla ya kuifikia kometi 67P/Churyumov-Gerasimenko tarehe 6 Agosti 2014, kikafuatana nayo hadi tarehe 30 Septemba 2016. Ubavuni kilibeba chombo kidogo cha kutua, Philae, chenye uzito wa kilo 100 hivi. Kabla yake hakuna chombo kilichowahi kuizunguka kometi wala kutua juu yake taratibu.

Jina lake limetoka kwa jiwe lililopatikana mwaka 1799 katika mji wa Rashid, Misri, ambao Wazungu waliuita Rosetta. Jiwe lile liliwasaidia wataalamu kusoma maandishi ya kale ya Misri, na chombo hiki kilitumwa kusoma historia ya jua letu na sayari zake. Ndiyo maana maeneo ya kometi yamepewa majina ya Kimisri: Hapi, Seth, Imhotep, Ma'at.

2. Kometi si ndiyo kimondo?

Hapana, na mkanganyiko huu unaanzia kwenye lugha yetu wenyewe, kwa kuwa wengi huita kimondo kitu chochote kinachong'aa na kupita angani. Kimondo ni jiwe au chuma kinachoingia kwenye hewa ya Dunia na kuwaka kwa sekunde chache. Kipande kikifika chini hubaki na jina hilo, kama kimondo cha Mbozi kule Songwe, ambacho ni bonge la chuma. Kometi, au nyota yenye mkia, ni mchanganyiko wa barafu, vumbi na mawe unaolizunguka Jua. Haipiti mara moja ikatoweka. Unaweza kuiona mahali palepale usiku baada ya usiku, ikisogea kidogo kidogo.

Kwa mtengenezaji wa animesheni tofauti hii ni kubwa. Ukichora kometi ikichoma anga kama moto wa kiberiti, umechora kimondo.

3. Ile video ya Philae ikitua, nani aliipiga?

Hakuna aliyeipiga. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na huwa naona uso wa mtu ukibadilika nikimjibu, kana kwamba amedanganywa. Video unayoiona, ile yenye kamera inayoelea pembeni mwa Philae huku miguu yake mitatu ikikaribia ardhi, ni animesheni. Siku ile ya 12 Novemba 2014 hapakuwa na mtu wala kamera pembeni. Vyombo vilikuwa viwili tu, kilomita milioni 510 kutoka Duniani.

Picha halisi zipo, lakini ni za mnato. Rosetta iliipiga picha Philae ikiondoka. Philae iliipiga Rosetta ikibaki nyuma, kisha ikaipiga ardhi iliyo chini yake wakati ikishuka. Baada ya kutulia ilituma picha ya mguu wake mmoja ukiwa karibu na mwamba. Hayo ndiyo macho tuliyokuwa nayo.

4. Kwa nini hawakufunga kamera ya video?

Kwa umbali ule, kila picha ni mzigo. Redio ya chombo ina nguvu ndogo na njia ya kutuma data ni nyembamba, tena inagawanwa na vipimo vingine vyote: gesi, vumbi, joto, sumaku. Mawimbi ya redio yenyewe yalichukua dakika 28 na sekunde 20 kufika Duniani siku ya kutua. Philae iligusa ardhi saa 12:34 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, habari ikatufikia saa 1:03 usiku. Kamera kuu ya Rosetta, OSIRIS, na ile ya kuongozea, NAVCAM, zilijengwa kupiga picha moja moja zenye maelezo mengi. Mwanasayansi anaweza kupima urefu wa jabali kwenye picha ya namna hiyo.

Ukizipanga picha hizo kwa mfuatano, hata hivyo, unapata mwendo. Soma namba 15.

5. Basi animesheni ni uongo?

Si uongo, mradi mtengenezaji ajue anachokijua na asichokijua, na amweleze mtazamaji. Ndani ya animesheni nzuri ya Rosetta kuna vitu vya aina tofauti vilivyokaa pamoja. Umbo la kometi limepimwa. Njia ya chombo imekokotolewa kutokana na mawimbi ya redio. Lakini mahali kamera ilipo, unene wa vumbi, mng'ao wa paneli za sola na yale mawe madogo yanayopita mbele ya kioo, mara nyingi ni mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akaamua.

Ugomvi wangu na video nyingi ni kwamba hazitenganishi. Maandishi mafupi pembeni, "njia halisi, vumbi la kubuni", hayaharibu uzuri wa picha hata kidogo. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuelewa kwamba kitu fulani tunakijua na kingine tumekikisia, akipewa nafasi ya kuelewa.

## Umbo na sura ya kometi

6. Kwa nini video za zamani zina kometi kama kiazi, na za sasa zina kometi kama bata?

Kwa sababu za zamani zilitengenezwa kabla mtu yeyote hajaiona. Kwanza kabisa, Rosetta haikukusudiwa kwenda 67P. Ilitakiwa kurushwa Januari 2003 kwenda kwenye kometi nyingine, 46P/Wirtanen, lakini Ariane 5 moja ilishindwa safari yake Desemba 2002 na kila kitu kikasimamishwa. Ilipochaguliwa 67P, darubini ya Hubble iliiangalia Machi 2003. Kwa kupima jinsi mwanga wake unavyopanda na kushuka, wataalamu wakakisia kitu cha kilomita 5 kwa 3, chenye umbo la mpira wa ragbi. Wachoraji wakachora hicho.

Julai 2014, Rosetta ikiwa bado inakaribia, picha zikaanza kuonyesha vipande viwili vilivyoungana kwa shingo. Kipande kikubwa kina kilomita 4.1 kwa 3.3 kwa 1.8, kidogo kina 2.6 kwa 2.3 kwa 1.8. Watu wakakiita bata, na jina likashika. Animesheni zote za kutua zilizokuwa tayari zikawa zimepitwa na wakati ndani ya wiki chache. Sioni aibu yoyote hapo. Ukiweka video ya 2004 kando ya ile ya 2014, unaiona elimu ikikua kwa macho yako, na mimi hupenda kuanza onyesho na hiyo ya zamani.

7. Modeli ya umbo hupatikanaje kutokana na picha?

Kometi hujizungusha yenyewe mara moja kwa saa 12.4 hivi. Chombo kikipiga picha kila baada ya muda, jabali lilelile huonekana kutoka pembe tofauti, na kompyuta hulinganisha pembe hizo kama macho yako mawili yanavyopima umbali wa kikombe mezani. Vivuli navyo husaidia: mteremko unaoelekea Jua hung'aa zaidi ya ule unaoliangalia kwa upande. Matokeo yake ni wavu wa pembetatu ndogo ndogo zinazofunika kometi yote. Modeli za awali zilikuwa na pembetatu chache, za baadaye zina mamilioni.

Ujihadhari na jambo moja. Rosetta ilipofika, upande wa kusini wa kometi ulikuwa gizani, na ulibaki hivyo hadi majira yalipogeuka Mei 2015. Kwa hiyo modeli za 2014 zina upande mmoja uliolainishwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameuona. Ukiona video yenye kometi iliyochongoka upande mmoja na laini kama sabuni upande mwingine, umejua modeli yake ni ya lini.

8. Rangi halisi ya kometi ni ipi?

Nyeusi, karibu na mkaa. Uso wake hurudisha kama asilimia 6 tu ya mwanga unaoupiga. Picha za kijivu chenye mwanga unazoziona zimeongezewa mwangaza ili maelezo yaonekane, na hilo ni sawa, kila mpiga picha hufanya hivyo. Zile za bluu kali na nyeupe ya theluji ndizo zenye makosa. Barafu ipo, ila imefunikwa na vumbi jeusi na hujitokeza kwa mabaka tu.

## Njia, ukubwa na muda

9. Kwa nini njia inapindapinda badala ya kwenda moja kwa moja?

Hakukuwa na roketi yenye nguvu ya kuirusha tani 3 moja kwa moja hadi kule kwa mwendo unaolingana na wa kometi. Ikabidi Rosetta iazime mwendo kwa sayari. Ilipita karibu na Dunia Machi 2005, karibu na Mirihi Februari 2007, Dunia tena Novemba 2007, na mara ya mwisho Novemba 2009. Njiani ilizipita asteroidi mbili (miamba mikubwa inayolizunguka Jua), Šteins mwaka 2008 na Lutetia mwaka 2010. Hadi inafika kwenye kometi ilikuwa imekwenda kilomita bilioni 6.4.

Katika animesheni, sehemu hii ndiyo inayonufaika zaidi na kuchorwa. Ukiieleza kwa maneno, watu hupotea baada ya Mirihi. Ukionyesha duara za sayari kutoka juu na mstari mmoja unaopanuka kila unapoipita sayari, hata aliyechelewa kuingia ukumbini anaelewa. Angalia tu kwamba sayari nazo zinasogea. Video nyingi huisimamisha Dunia na kukisogeza chombo peke yake, na hapo sababu nzima ya kuazima mwendo inapotea, maana mwendo unaoazimwa ni wa sayari hiyo.

10. Ilipofika ilizunguka kwa duara?

Si mara moja. Wiki za mwanzo ilitembea kwa pembetatu mbele ya kometi, kwanza kwa umbali wa kilomita 100 hivi, kisha 50. Kila upande wa pembetatu ulichukua siku tatu au nne, na kila konani injini ziliwashwa kukigeuza chombo. Mvutano wa kometi ulikuwa bado haujapimwa vizuri, na huwezi kuingia kwenye obiti ya kitu usichokijua uzito wake. Septemba 2014 ndipo ilisogea kilomita 30 na kuanza kuizunguka kweli.

Pembetatu hizi huwashangaza watazamaji, na wengi hudhani nimekosea kuchora. Usizifute kwa kuogopa swali hilo.

11. Chombo kinaonekana kikubwa sana kando ya kometi. Ni kweli?

Si kweli, na karibu kila animesheni ina kosa hili kwa makusudi. Mwili wa Rosetta ulikuwa sanduku la mita 2.8 kwa 2.1 kwa 2. Paneli zake za sola zikiwa wazi zilifika mita 32 kutoka ncha hadi ncha. Kipande kikubwa cha kometi kina kilomita 4.1. Kometi ikichukua nukta 1,000 za kioo chako, chombo kizima na mabawa yake kitapata nukta 8, tena kikiwa pembeni yake kabisa. Kikiwa umbali wa kilomita 30 hakionekani.

Njia ya heshima ni kukata: onyesha kometi peke yake, kisha sogeza kamera hadi kwenye chombo na uiache kometi nyuma, mbali. Ukiamua kukikuza ili kionekane, andika kwenye kioo kwamba kimekuzwa.

12. Muda unabanwaje?

Kwa hesabu ya fremu. Tuseme video yako ina fremu, yaani picha mojamoja, 25 kwa sekunde, na unataka kometi izunguke mara moja kwa sekunde 10. Hizo ni fremu 250. Saa 12.4 zikigawanywa kwa 250, kila fremu inabeba karibu dakika 3, na kometi inageuka nyuzi 1.44 kila fremu. Philae ilishuka kwa saa 7 kutoka kilomita 22.5. Ukitaka mteremko huo kwa nusu dakika, kila fremu inaruka sekunde 33 na nukta.

Tatizo huja ukichanganya kasi mbili ndani ya fremu moja. Nimeona video ambamo Philae inashuka kwa haraka iliyobanwa huku vumbi likipeperuka kwa mwendo wa kawaida. Chagua saa moja kwa kila tukio, na iweke kwenye kona ya kioo ihesabu.

13. Vitu vianguke vipi kwenye kometi?

Polepole kuliko unavyoweza kuvumilia. Philae, kilo 100 Duniani, pale ilikuwa na uzito unaolingana na gramu moja hivi mkononi mwako. Jiwe ukiliachia kutoka urefu wa mita moja litachukua karibu dakika mbili kufika chini. Mteremko wote wa Philae ulikuwa wa mwendo wa mtu anayetembea, chini kidogo ya mita moja kwa sekunde kwa wastani.

Programu za animesheni huja na mvutano wa Dunia umeshawekwa tayari. Usipoubadilisha, vumbi litaruka na kuanguka kama la barabara ya kijijini baada ya basi kupita. Pale vumbi likiruka kwa kasi kidogo tu linakwenda zake, halirudi.

## Kutua kwa Philae

14. Video ya ESA inaonyesha vyusa vikichoma ardhi. Mbona nimesoma havikufyatuka?

Vyote viwili ni sahihi. Video ile ilitengenezwa kabla ya tukio na inaonyesha mpango. Kwenye mpango, Philae ingegusa ardhi, vyusa viwili vingefyatuka na kujikita kama chusa cha mvuvi kwenye mgongo wa samaki mkubwa, skrubu za miguuni zingejizungusha kuingia ardhini, na injini ndogo ya gesi juu yake ingeikandamiza isiruke. Injini hiyo ilijulikana kuwa na hitilafu usiku wa kuamkia kutua. Timu ikaamua kuendelea. Vyusa navyo havikufyatuka.

Philae iligusa mahali palipochaguliwa, Agilkia, kwa usahihi wa ajabu, kisha ikadunda. Ikapanda kama kilomita moja na kuelea karibu saa mbili juu ya kometi inayogeuka chini yake, ikigonga na kudunda tena. Mwisho ilitulia kwenye kivuli cha mwamba, mahali palipoitwa Abydos. Sola hazikupata jua la kutosha. Ilifanya kazi kwa betri yake siku mbili na nusu, ikatuma vipimo vyake, ikalala. Juni 2015 iliamka na kuwasiliana kwa muda, na Julai 9 ikasikika mara ya mwisho.

Ninachowasihi watengenezaji ni kuacha kutumia video ya mpango kama ushahidi wa tukio. Bado inasambaa ikiwa na maneno "hivi ndivyo Philae ilivyotua". Haikutua hivyo. Na kwa macho yangu, safari ya kweli, kisanduku kinachoelea peke yake saa mbili juu ya dunia ya mkaa bila mtu kujua kilipo, ni picha yenye nguvu kuliko ile iliyopangwa.

15. Je, kuna animesheni iliyotengenezwa kwa picha halisi tupu?

Ipo, na inapendwa sana. Mwaka 2018 mpenzi mmoja wa anga alichukua picha za OSIRIS za Juni 2016 kutoka hazina ya wazi, akazipanga zikawa kipande kifupi kinachojirudia. Unaona jabali, na mbele yake kama theluji inaanguka. Watu wakauliza: kometi ina theluji?

Ukiangalia vizuri kuna vitu vitatu. Nukta zinazoshuka kwa pamoja kwa mpangilio ni nyota za nyuma, zinaonekana kushuka kwa sababu chombo na kometi vinasogea. Michirizi inayokwenda huku na kule ni vumbi lililo karibu na kamera. Nyingine ni chembe za mionzi zilizogonga kihisio cha kamera. Sekunde chache zile ni takriban dakika 25 za kweli. Hakuna kilichobuniwa hapo isipokuwa kasi, na kasi peke yake ilitosha kuzaa theluji vichwani mwa watu.

16. Njia ya kudunda ilijulikanaje, kama hakuna aliyeiona?

Kipande kwa kipande, kwa miaka. Kipima sumaku cha Philae kiliendelea kufanya kazi wakati wa kuelea, na mabadiliko ya vipimo vyake yalionyesha ilivyokuwa ikizunguka na ilipogonga. Tarehe 2 Septemba 2016, chini ya mwezi mmoja kabla ya safari kwisha, OSIRIS iliipata Philae yenyewe kwenye picha iliyopigwa kutoka kilomita 2.7, imelala ubavu kwenye ufa.

Mwaka 2020 watafiti walitangaza mahali pa mgongano wa pili, mita 30 hivi kutoka ilipolala. Philae ilikaa hapo karibu dakika mbili ikisugua na kukwangua, ikaacha barafu ya kale wazi, laini kuliko povu la kahawa. Kwa hiyo animesheni ya kudunda ya 2014 na ya 2021 hazifanani, na ukichukua ya zamani taja mwaka wake.

## Mwanga, mkia na sauti

17. Mkia uelekee wapi?

Kinyume na Jua, daima. Si kinyume na mwendo. Kometi ikishaligeuka Jua na kurudi mbali, mkia wake huitangulia. Gesi iliyochajiwa husukumwa na upepo wa Jua na kunyooka, vumbi hubaki nyuma kidogo na kupinda, kwa hiyo mikia ni miwili.

Ukubwa wake hubadilika na umbali. Rosetta ilipofika Agosti 2014 kometi ilikuwa mbali na Jua na ilitoa kidogo. Ilifika karibu kabisa na Jua tarehe 13 Agosti 2015, kilomita milioni 186, ikichemka. Vumbi lilikuwa jingi kiasi kwamba Machi 2015 kamera za nyota zinazokiongoza chombo ziliona chembe za vumbi na kuzidhania nyota, ikabidi kirudi nyuma. Siku ya kilele kilikuwa zaidi ya kilomita 300 mbali. Animesheni inayokiweka chombo kikipita kando ya mifoko ya gesi siku ile inakosea tarehe au inakosea mahali.

18. Niweke sauti?

Hakuna hewa, hakuna sauti. Ila kometi hii ina "wimbo" maarufu: vifaa vya Rosetta vilipima mtikisiko wa uga wa sumaku wa mara 40 hadi 50 kwa kila sekunde 1,000. Sikio haliwezi kusikia hilo, basi ukaongezwa kasi mara 10,000, ukawa sauti ya kubofyabofya. Unaweza kuutumia, ukisema ulivyopatikana. Mngurumo wa injini ninauacha. Ukimya ukifuatwa na msimulizi anayejua kunyamaza unafanya kazi vizuri.

## Ukitaka kutengeneza mwenyewe

19. Data napata wapi, bure?

ESA imeweka picha na modeli za umbo kwenye hazina zake za wazi. Njia za vyombo na mielekeo yao hutolewa kwa mfumo unaoitwa SPICE, uliobuniwa na NASA: mafaili yanayosema chombo kilikuwa wapi, kikiangalia wapi, kila sekunde. Programu ya bure ya Cosmographia husoma mafaili hayo na kukuonyesha safari kwenye kioo bila kuandika msimbo wowote. Ukishaelewa njia, hamia Blender, programu ya kutengenezea animesheni ambayo nayo ni bure, ingiza modeli ya kometi na uanze kupanga kamera.

Picha za NAVCAM zina leseni inayoruhusu kutumia na kubadilisha, mradi utaje chanzo na uiachie kazi yako kwa masharti hayohayo. Picha za OSIRIS zina masharti yake, yasome kabla.

20. Kompyuta yangu ni ya kawaida. Inawezekana?

Inawezekana ukipiga hesabu kabla. Dakika moja ya video ni fremu 1,500. Fremu moja ikichukua dakika 4 kurenda, yaani kompyuta kuikokotoa hadi iwe picha kamili, hizo ni saa 100, zaidi ya siku nne bila kuzima, na umeme ukikatika katikati unaumia. Kwa hiyo renda fremu kama picha mojamoja, usirende faili la video moja kwa moja. Umeme ukirudi unaendelea pale ulipoishia. Tumia modeli yenye pembetatu chache kometi ikiwa mbali, nzito kamera ikikaribia tu. Na kumbuka kometi ni nyeusi na taa ni moja, Jua, jambo ambalo hupunguza kazi sana.

21. Ni vibaya kuvipa vyombo macho na mdomo?

ESA yenyewe ilifanya hivyo. Ilitoa katuni za Rosetta na Philae kama wasafiri wawili wanaoongea, zikaeleza hata usingizi wa chombo kuanzia Juni 2011 hadi 20 Januari 2014, siku 957 za vifaa karibu vyote kuzimwa. Watoto walisubiri kuamka kwake kama wanavyomsubiri ndugu aliyesafiri. Siwezi kuita hilo kosa. Sharti langu ni moja: katuni isibadilishe kilichotokea. Philae yenye uso inaweza kuogopa, lakini bado idunde, na bado ilale kivulini.

22. Nitachoraje kometi ambayo haijajulikana?

Swali hili linakuja. ESA inaandaa Comet Interceptor, inayopangwa kurushwa 2029, ikae angani isubiri kometi mpya kutoka mbali ambayo labda bado haijagunduliwa. Vyombo vitatu, vikiwemo viwili vidogo, kimoja cha Japani, vitaipita mara moja tu. Hakuna modeli, na haitakuwepo hadi siku yenyewe. Mimi ningechora ukungu na mwanga katikati, bila umbo, kwa sababu iliyoelezwa namba 6.

23. Animesheni iishie wapi?

Wengi huimalizia Rosetta ikilala juu ya kometi, kamera ikirudi nyuma, jua likichomoza. Tarehe 30 Septemba 2016, saa 8:19 mchana kwa saa zetu, kilichoonekana chumba cha udhibiti huko Darmstadt, Ujerumani, kilikuwa mstari wa mawimbi kwenye kioo, kisha haupo. Chombo kilikuwa kimeshagusa eneo la Ma'at dakika 40 kabla, na kilikuwa kimepangiwa kujizima chenyewe kikigusa. Namna kilivyoangukia hatuijui.

Mimi huishia kwenye picha zake zilizopigwa kikishuka, kila moja karibu zaidi ya iliyotangulia. Kwa mwaka mmoja tulidhani tuna zote. Septemba 2017 timu ya OSIRIS ilikuta kwenye data vipande vya picha moja zaidi ambayo haikufika yote, ikaiunganisha kwa kilichokuwepo. Imepigwa kutoka mita 20 hivi, inaonyesha kama mita moja ya ardhi, na ina ukungu. Naiweka sekunde tano, bila muziki, kisha kioo cheusi.